Kuufuata mto Bubu kwa pikipiki, kutoka mbuga ya Bahi mpaka Kolo

Jumamosi: Dodoma mpaka Bahi

Tumetoka Dodoma mapema kabla upepo haujaamka, maana mwezi wa sita huku upepo ukishaanza ni vumbi na baridi mpaka jioni. Mimi naendesha, Mjomba kakaa nyuma na darubini yake shingoni. Mjomba ni mwalimu mstaafu na kitu anachokipenda kuliko vyote sasa hivi ni ndege, ana kaunta buku kadhaa zimejaa, kila ndege aliyemuona, wapi, saa ngapi, alikuwa anakula nini, kama anajenga au ana makinda. Shida ni kwamba watu vijijini wakimuona ananyanyua darubini wanadhani ni mtu wa ardhi kaja kupima, kwa hiyo kila tunapofika inabidi tuanzie kwa mwenyekiti wa kijiji tujieleze kwanza. Hilo peke yake linakwambia hali ilivyo, mtu akiona kifaa tu anawaza mpaka wa shamba lake.

Nia yetu ni mto Bubu. Huu mto unashuka kutoka milima ya Kondoa, unapita Chemba, unakuja kuishia hapa kwenye mbuga ya Bahi, yani bonde la maji na tope, hauendi baharini wala haumwagi kwenye mto mwingine. Ni mto wa msimu, masika unafurika na kiangazi unabaki mchanga na madimbwi. Watu wengi wa Dodoma wanaujua pale unapoishia tu, wakipita barabara ya Singida wanaona mpunga wanasema Bahi kuna mchele mzuri basi wanaendelea. Sisi tumeamua tuanzie mwisho tupande nao.

Bahi ni kama kilomita 50 na kitu kutoka mjini. Tumefika watu wako kwenye mavuno na kelele ndio kitu cha kwanza kukupokea, madebe yanagongwa, watoto wanapiga kelele, kombeo zinalia, ni kuamia ndege. Kwelea kwelea wako juu wanageuka kama moshi. Mama mmoja tuliyemkuta juu ya dungu lake alituambia tangu mpunga uanze kutoa mashuke yeye anaingia shambani saa kumi na moja alfajiri na kutoka ni jua likizama, chai anakunywa humo humo, mtoto ananyonya humo humo. Mjomba akamsalimia mbukwa, wakaongea Kigogo kidogo, halafu akamuuliza kama ndege ni wengi kuliko mwaka jana, mama akajibu mimi siwahesabu baba, mimi nahesabu magunia.

Kwelea mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, ukisikia unaona ni kitu kidogo, ila kundi la milioni moja ni tani 10 kila siku na makundi yao yanafika huko na kupita. Serikali huwa inaleta ndege inamwaga sumu jioni pale wanapolala. Mjomba halipingi hilo moja kwa moja, yeye amekulia kwenye uwele anajua njaa ni nini, lakini linamuuma kwa sababu mwewe, kozi na bundi wanakuja kuokota wale waliokufa na wao wanakwenda. Kondoa watu wana njia nyingine, wanawatega kwa nyavu na mitego wanawala, sokoni unawakuta wamekaangwa. Mjomba anasema hiyo ingepewa nguvu, mkulima apate kitoweo na hela na sumu ipungue, na mimi naona ana haki kabisa.

Jioni tumekaa na wazee karibu na reli. Walichotueleza ndio kimenikaa kichwani. Zamani mpunga ulikuwa unavunwa kwa mpigo mmoja, msimu ukiisha wazee wanasema sasa fungueni, ng'ombe wanaingia kula mabua na wanaacha samadi, mkulima anafurahi na mfugaji anafurahi. Siku hizi wapo wenye maji ya skimu ya umwagiliaji wanapanda tena, wengine wamechelewa, wengine wanalima mboga kwenye unyevu, kwa hiyo hakuna siku moja ambayo shamba zima liko wazi. Ng'ombe anakwenda kwenye mabua ya mtu aliyekwisha vuna, ila ili afike lazima apite kwa ambaye hajavuna. Ugomvi wote wa Bahi uko hapo katikati.

Na bado pale pale mzee mmoja akatuonyesha tuta la reli mpya ya SGR, akasema angalieni, hawa walipojenga waliweka vivuko vya chini kwa ajili ya watu na mifugo, vijana wetu wanaswaga ng'ombe humo bila neno. Reli ambayo haiwezi kukunja hata kidogo imewekewa pa kupita, sisi mashamba yetu ya kamba na miguu yanatushinda nini? Nimeliandika hilo swali kama lilivyo.

Jumapili: Bahi, kwenye maji

Leo hatujasafiri. Asubuhi Mjomba kaenda ibada ya kwanza, halafu tukatembea kwa miguu mpaka kwenye maji yaliyobaki. Yangeyange kibao, korongo, bata maji wa aina nyingi, na mwari wachache mbali kule wamekaa kundi moja. Mjomba kakaa kwenye tope saa nyingi hasemi kitu, mimi nimeongea na wavuvi. Wanapata kambale na perege, maji yakikauka kambale anajichimbia kwenye tope na watu wanamfuata huko huko na majembe.

Mchana tumekula wali mpya na kambale wa kukausha. Huo wali sijui nieleze vipi, harufu yake unaipata kabla sahani haijafika.

Jumatatu: Bahi mpaka Chemba

Siku ndefu na vumbi. Tumeacha lami tukapita njia za vijijini kwenda kaskazini upande wa Mundemu mpaka tukaja kutokea barabara kuu ya Kondoa. Pancha mbili, petroli ya chupa, upepo wa kutosha. Uwele umeshakatwa sehemu nyingi na alizeti imekauka inasubiri kupigwa.

Kitu kizuri cha leo ni mbuyu mmoja mkubwa kabla hatujafika lami. Mjomba kanigonga bega simama simama, kumbe kuna kasuku wadogo, wale wa kijani wenye kichwa cheusi na kola ya njano shingoni, wanaingia na kutoka kwenye matundu ya mbuyu. Hawa asili yao ni Tanzania na huku kati ndio kwao, ila walikamatwa sana kwa ajili ya kuuzwa nje ya nchi, mpaka serikali iliposimamisha biashara ya kusafirisha wanyama hai mwaka 2016. Mjomba anasema kuna mibuyu aliyoijua tangu kijana ilikuwa kimya miaka na sasa ina kelele tena. Ameandika idadi, ameandika mti, akachora na ramani ndogo pembeni.

Chemba tumeingia jioni. Wilaya hii ilikuwa sehemu ya Kondoa mpaka 2012. Tumelala gesti, maji ya ndoo, chipsi mayai, usingizi.

Jumanne: upande wa Farkwa

Tumeacha lami tena kwenda magharibi kuukuta Bubu wenyewe. Huku ni nchi ya Wasandawe kwa sehemu kubwa, pamoja na Warangi, Waburunge, Wagogo, na wafugaji wa Kibarbaig na wengine waliokuja na mifugo yao. Pori lake ni la migunga na mikole, na mibuyu iliyotundikwa mizinga ya magogo, unakuta mbuyu mmoja una mizinga mingi inaning'inia.

Mto ni mchanga mweupe mpana na katikati kuna visima vya kuchimba kwa mkono, akinamama na watoto wanachota kwa kata. Huu ndio mto ambao serikali imepanga kujenga bwawa kubwa Farkwa kwa ajili ya maji ya jiji la Dodoma na wilaya za jirani, na vijiji vilivyokuwa kwenye eneo la bwawa, Mombose na Bubutole, watu wake walitakiwa kuhama. Dodoma inakua haraka sana na maji inayahitaji kweli, hilo halina ubishi. Ila aliyehama na ng'ombe zake anahamia kwenye kijiji cha mtu mwingine ambacho nacho kina mashamba, nacho kina njia zake za kwenda mtoni, na huko hakuna aliyepanga kitu.

Mrina asali mmoja, mzee wa Kisandawe, alitupokea vizuri sana. Nikamsalimia shikamoo babu, akaitika marahaba mjukuu wangu, kaa, akatupa asali kwenye bakuli kabla hata hajatuuliza tumefuata nini. Anaitofautisha ya nyuki wakubwa na ile ya nyuki wadogo wasiouma, hii ya wadogo ni nyembamba, ina uchachu kidogo, watu wanaitaka kama dawa na bei yake iko juu. Mjomba akamuuliza habari za yule ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Mzee akacheka akasema huyo ni mwenzangu. Anakuja anapiga kelele karibu yako, ukimfuata anaruka mti wa mbele anakungoja, unamfuata hivyo hivyo mpaka kwenye mzinga wa porini, ukishapasua unamuachia masega, maana yeye nta anaila na inamkaa tumboni. Kumnyima ni dhambi kwa mzee huyu, anasema ukimnyima kesho hakuiti.

Yeye ndiye aliyetupeleka jioni kwenye shamba la mkwe wake, anayelinda tembo. Pori la akiba la Swagaswaga haliko mbali na msimu wa mavuno tembo wanatoka. Nimekaa dunguni usiku na vijana wanne na sitasahau. Wana tochi, wana madebe, wana vuvuzela moja, na kamba wameizungushia shamba, imepakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili. Upande wa mbuyu kuna mizinga, na tembo kweli nyuki anamuogopa, hilo limefanyiwa utafiti na limethibitika, ila kuzungusha mizinga shamba zima ni gharama na nyuki wakikosa maji wanahama.

Saa nane za usiku tukasikia matawi yanavunjika. Hawakuja kwetu, walipita pembeni kwenye bonde dogo wakashuka mtoni, watu wazima na mtoto, tukawasikia wakinywa. Nikauliza kwa nini hawajaingia huku kwenye mahindi, kijana mmoja akanijibu kawaida kabisa: pale ndio njia yao kaka, tangu enzi za babu, wakikuta iko wazi wanapita. Kule juu kwa jirani imefungwa, huko ndiko wanakovunja.

Mwaka jana walimaliza shamba la mama mmoja wa hapo, ekari zaidi ya saba. Kuna kitu kinaitwa kifuta jasho, hela ya serikali kwa mtu aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, ila chenyewe sio fidia, na kanuni zake za 2011 ziliweka kikomo cha ekari 5. Huyo mama ana watoto wa shule. Mimi nampenda tembo na Mjomba anampenda zaidi, lakini sitaki kumsikia mtu wa mjini anasema hawa wanakijiji hawaelewi uhifadhi. Wamekaa macho na mnyama wa tani kadhaa kwa kutumia debe, na hawajamuua.

Jumatano: kikao chini ya mkwaju

Tulitaka kuondoka, mwenyekiti akatuomba tukae kwa sababu kuna kikao cha baraza la ardhi la kijiji na Mjomba ni mtu mzima mwalimu, labda atasaidia hata kuandika. Kijiji sikitaji kwa sababu shauri lenyewe bado linaendelea.

Baraza kisheria ni watu saba na wanawake lazima wawe angalau watatu, hiyo ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na kazi yake ni kusuluhisha. Shauri ni hivi. Kijana mmoja amefyeka kichaka akapanda alizeti ekari za kutosha mpaka ukingoni mwa mto. Wafugaji wanasema pale ndipo ng'ombe wanaposhukia kunywa. Kijana anasema alipewa na kijiji na karatasi anayo. Katikati ya hapo ng'ombe wamekula alizeti usiku, na ng'ombe mmoja kakatwa panga mguuni, na vijana wa pande zote mbili wameanza kutembea na marungu. Yani ilikuwa imebaki kidogo tu.

Mkulima aliongea vizuri, mnyonge kabisa, amekopa hela ya mbegu, ana mke na mtoto mchanga. Mzee wa wafugaji naye aliongea taratibu, akasema mwanangu sikatai shamba lako, lakini ng'ombe hana mabawa, malisho mmetupa kule na maji yako huku, nipite wapi?

Hapo mtendaji akaleta ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Ramani nzuri, ina rangi, makazi hapa, kilimo hapa, malisho hapa, msitu hapa. Tukaiangalia wote. Malisho yako upande wa mashariki, mto uko magharibi, na katikati yote ni rangi ya kilimo. Hakuna hata mstari mmoja wa njia. Sheria ya mipango ya ardhi ipo tangu 2007, ya nyanda za malisho ipo tangu 2010, vikao vilifanyika, mihuri imegongwa, na hakuna aliyeuliza ng'ombe atafikaje kwenye maji. Kwa hiyo kijana yuko sahihi kwa mujibu wa ramani na mzee yuko sahihi kwa mujibu wa kiu. Mimi kwenye safari hii yote sijasikia mtu anagombania ardhi kwa maana ya ukubwa, wanagombania pa kupita. Bahi ni hivyo hivyo, usiku kwenye dungu ni hivyo hivyo.

Kikao kilipokwama, aliyekikwamua ni mama mmoja mjumbe wa baraza, mtu mzima, kanga mbili, sauti ya chini. Akamuuliza yule kijana: mke wako maji anachota wapi? Akajibu mtoni. Anapita wapi? Kimya. Akamuita mke mwenyewe, mke akasema tulikuwa tunapita pale pale pa ng'ombe, sasa hivi nazunguka mpaka kwa fulani, na kwa fulani wamenikataza. Mama akaendelea, akataja mashamba manne ambayo ng'ombe wanayakanyaga sasa kwa sababu ya kuzunguka, akataja na tembo waliovunja boma la kuku la mjane mmoja mwezi uliopita, akasema na tembo nao walikuwa wanashukia hapo hapo. Njia moja imefungwa, ona kesi ngapi zimezaliwa. Watu waliguna wote, hata wale vijana wa marungu.

Baadaye mtendaji akakumbusha kitu kingine, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kilimo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kijana alikuwa hajui na hakuna aliyemwambia alipopewa eneo. Na wafugaji nao wakaambiwa ukweli wao, ng'ombe wengi wakishuka sehemu moja ukingo unabomoka, kwa hiyo wapunguze makundi, washuke kwa zamu.

Hawakuhukumu. Walisimama wote wakaenda kwa miguu, baraza, kijana, mzee, vijana, watoto nyuma, sisi nyuma yao, kutoka malishoni mpaka mtoni, wazee wakionyesha huu mti ulikuwa kushoto kwa njia, hili jiwe lilikuwa kulia. Njia ya zamani bado inaonekana ukiangalia vizuri, udongo umezama na mikole imeota pembeni mistari miwili. Mjomba aliichora kwenye kaunta buku lake ukurasa mzima na akawaachia nakala. Makubaliano ya awali ni kijana avune alizeti yake yote bila kusumbuliwa, akishavuna afungue, na kijiji kimtafutie sehemu nyingine ya kufidia alichopoteza. Jirani yake wa juu, ambaye naye amepanda kwenye njia hiyo hiyo, hakutokea kikaoni.

Alhamisi: Kondoa

Tumefika Kondoa mchana, tumeenda moja kwa moja kwenye chemchemi ya mjini kunawa vumbi. Maji safi yanatoka ardhini mwaka mzima na watu wanachota, wanafua, wanapiga stori.

Kondoa nilitaka kuiona kwa sababu ya HADO, yani Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza 1973 kwa msaada wa Sweden. Milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na mmomonyoko, makorongo marefu kuliko nyumba, mchanga unashuka mpaka mashambani. Wakajenga makinga maji, wakapanda miti, na mwaka 1979 wakachukua uamuzi mkubwa, mifugo yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, ikatolewa kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Yote kwa mpigo.

Tumekaa na mzee mmoja wa Kirangi aliyekuwa kijana wakati huo. Anasema siku ile watu walilia kama msiba. Harusi bila ng'ombe, shamba bila samadi, mtoto bila maziwa, wengine wakapeleka mifugo kwa ndugu zao huko chini mabondeni. Halafu akatuonyesha mlima, akasema na huo unaouona ni wa kijani, ulikuwa mwekundu kama matofali. Yote mawili anayasema kwa uzito ule ule. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaanza kuruhusiwa ng'ombe wa maziwa wa kufugia ndani, unamkatia majani unamletea. Makorongo bado yapo, mengine yamefunikwa na miti, mengine yamegeuka mashamba ya mihogo na miwa chini kwenye mchanga.

Mimi nikawa nawaza wale ng'ombe waliotolewa. Walishuka mabondeni, ambako ndiko tulikotoka sisi. Mlima ukapona, uzito wake ukashuka kwa jirani. Naiheshimu sana kazi ya HADO, na hapo hapo naona kwamba ukifunga sehemu moja bila kujua vilivyokuwemo vinaelekea wapi, unakuwa umehamisha tatizo, hujalimaliza.

Jioni sokoni Mjomba amekula kwelea wa kukaanga kwa ndizi, ameniambia ni utafiti. Ni watamu kweli.

Ijumaa: Kolo

Lami nzuri mpaka Kolo, asubuhi ya ubaridi. Pale kuna ofisi, unalipia, unapewa mtu wa kukuongoza. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na maeneo yenye michoro ni zaidi ya 150, yametapakaa kwenye miteremko inayoangalia nyika ya Wamasai. Tumepanda Mungumi wa Kolo, mojawapo ya maeneo hayo, njia ya mwisho ni ya miguu na mawe, Mjomba alipumzika mara kadhaa ila hakutaka nimshike mkono.

Watu warefu wembamba wa rangi nyekundu, pofu, twiga, tembo. Tembo kachorwa vizuri mno, aliyemchora alikuwa amemtazama kwa muda mrefu kweli kweli. Mwongozaji akatuambia wenyeji mpaka leo wanafanya matambiko hapa, kuomba mvua na uzima, na mahali penyewe panatunzwa kwa sababu hiyo pia. Ukisimama kwenye mwamba ukaangalia nje unaona misitu ya vilima vya Kolo, na tembo wa Tarangire wanapitia kwenye vilima hivi kwenda Swagaswaga, yani kule kule tulikolala dunguni. Wale waliokunywa maji Jumanne usiku wanaweza kabisa kuwa walikatiza chini ya mwamba huu. Na katikati hapo kuna lami ya Dodoma kwenda Babati yenye mabasi na malori, kuna mashamba ya mbaazi na mahindi, kuna vitongoji vipya. Kanuni za shoroba, yani njia za kupita wanyamapori, zipo tangu 2018, ila shoroba inapita kwenye mashamba ya watu wenye majina, na kila mmoja anatakiwa aulizwe na aridhike, hilo halifanyiki kwa kutumbukiza nguzo za mipaka usiku.

Wakulima wa hapo chini wenyewe wametuambia wako tayari kuacha sehemu, wanachotaka ni kujua kwa uhakika ni wapi mpaka wapi, na mtu akipoteza apewe kitu kinachofanana na alichopoteza, tena kwa wakati, sio baada ya misimu miwili. Sioni ubaya wowote wa madai hayo.

Mjomba kwenye daftari la leo ameandika hondohondo, kwezi, tai mmoja mkubwa juu ya mwamba, na pembeni ameongeza tembo, wa kuchorwa.

Nyongeza, baada ya kurudi

Mtendaji wa kile kijiji amenipigia jana. Alizeti imevunwa salama, hakuna ng'ombe aliyeingia. Vijana wa pande zote mbili wamepanga mawe kwenye njia na kuyapaka chokaa kutoka malishoni mpaka karibu na mto, wameacha upana wa hatua 30, ng'ombe wa kwenda na wa kurudi wanapishana. Kijana amepewa eneo lingine ila lina visiki vingi, wamekubaliana wamsaidie kung'oa. Yule jirani wa juu bado amekataa, anasema yeye njia haimhusu, kwa hiyo suala linaenda mkutano mkuu wa kijiji mwezi wa saba, na ramani itafanyiwa marekebisho hapo hapo. Mama wa baraza ameomba viongozi wa kijiji jirani nao waitwe, kwa sababu njia ikivuka mto inaingia kwao, na upande wa kwao kuna mtu ameanza kufyeka.